Shajara ya mradi: uchafu wa uso na aresta za kilovolti 132 kando ya bahari

Januari, kaskazi

Mradi huu umeanzishwa ili kujibu swali ambalo mafundi wa kituo cha umeme wamekuwa wakiulizana kwa muda: aresta, yaani kifaa kinacholinda transfoma dhidi ya radi na miruko ya msongo (volteji), ikionesha mkondo mkubwa wa uvujaji, je, imeharibika ndani au imechafuka nje tu? Swali lilizuka pale aresta ya fezi ya njano, upande wa kilovolti 132 wa transfoma kubwa, iliposomwa alfajiri na kuonekana inavujisha mkondo mwingi kuliko wenzake, hata ikapendekezwa ing'olewe. Ilipopimwa tena adhuhuri, jua likiwa limekwisha kukausha kila kitu, haikuwa na tofauti ya maana na nyingine mbili. Kifaa cha namna hii hakinunuliwi dukani kwa siku moja, na transfoma inayolindwa nacho ina thamani mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kuking'oa kikiwa kizima ni hasara, na kukiacha kikiwa kibovu ni hatari.

Kituo chenyewe kiko karibu na bahari, upande mmoja kikipokea upepo wa chumvi karibu mwaka mzima, kwa maana kaskazi na kusi zote mbili huvuma hapa kutoka majini, na upande wa pili kikipakana na barabara ya vumbi inayopitiwa na malori ya saruji. Aresta zinazochunguzwa ni za oksidi ya zinki, zisizo na pengo la cheche, zimevikwa kauri, na kila moja imeundwa kwa vizio viwili vilivyopandanishwa na kuunganishwa kwa flanji ya chuma katikati. Msongo wake uliokadiriwa ni kilovolti 120, na msongo unaoruhusiwa kubebwa mfululizo ni karibu kilovolti 96. Kwa kuwa kati ya fezi na ardhi mfumo wa kilovolti 132 hutoa takriban kilovolti 76, katika hali ya kawaida aresta ina nafasi ya kutosha ya kupumua.

Katika hali hiyo ya kawaida aresta hufanya kazi zaidi kama kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda na kuirudisha. Mkondo wa jumla unaoshuka ardhini huwa wa kiwango cha miliampea moja hivi, na sehemu kubwa yake ni ya kikapasita, isiyozalisha joto. Sehemu ya ukinzani, ambayo ndiyo hupasha joto vipande vya oksidi ya zinki na ndiyo hukua kadiri vinavyozeeka, ni maikroampea makumi au mamia machache tu. Ndiyo maana kipimo cha mkondo wa jumla pekee ni shahidi dhaifu: ugonjwa wa ndani ukianza huwa mdogo mno kuonekana katikati ya mkondo wa kikapasita, ilhali uchafu wa nje waweza kuukuza mkondo wa jumla bila vipande vya ndani kuwa na kasoro yoyote.

Februari

Tumepata kibali cha kazi, laini ikazimwa na kutiwa ardhi pande zote mbili, na pete za shaba zikafungwa kwenye kila aresta, juu kidogo ya flanji ya chini kabisa. Pete hukusanya mkondo unaotambaa juu ya kauri na kuupeleka ardhini kwa waya wake, pembeni mwa waya mkuu. Kwa njia hiyo mkondo wa uso husomwa peke yake na mkondo uliopita ndani, kwenye safu ya vipande vya oksidi ya zinki, husomwa peke yake. Tumehakikisha pia kwamba vitako vya kuhami chini ya aresta ni vikavu na safi, kwa sababu kitako kilicholowa chumvi huiba sehemu ya mkondo kabla haujafika kwenye kipimo.

Fursa hiyo hiyo imetumika kukusanya uchafu. Uso wenye eneo linalojulikana unapanguswa kwa pamba iliyochovywa katika maji yaliyochujwa kwa mvuke, pamba inasuuzwa katika maji hayo hayo, kisha upitishaji umeme wa maji unapimwa na kusahihishwa kwa joto la nyuzi 20. Chumvi katika maji, kwa kilo kwa kila mita ya ujazo, hupatikana kwa kuzidisha upitishaji (simensi kwa mita) mara 5.7 na kuinua jibu kwa kipeo cha 1.03, kisha huzidishwa kwa ujazo wa maji na kugawanywa kwa eneo lililopanguswa. Kwa mfano, lita moja ya maji iliyosuuza sentimita 1000 za mraba ikionesha upitishaji wa simensi 0.02 kwa mita, chumvi iliyokuwa juu ya uso ni kama miligramu 0.107 kwa kila sentimita ya mraba. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho. Fundi akipitisha kidole juu ya kauri ya namna hiyo aweza kuapa kuwa ni safi.

Takwimu ghafi zimo katika daftari la vipimo. Hapa naandika mambo mawili tu yaliyojitokeza waziwazi. La kwanza, upande wa chini wa visahani vya kauri vinavyouzunguka mwili wa aresta una chumvi nyingi kuliko upande wa juu, kwa sababu mvua haiufikii. La pili, upande unaotazama barabara una kitu kingine kabisa: ukoko wa kijivu usiotoka kwa pamba iliyolowa, ambao ilibidi ukwanguliwe kwa kibanzi cha plastiki. Ukoko huo ni saruji iliyonyeshewa kidogo, ikashika, kisha ikapokea vumbi jipya juu yake. Chumvi zake huyeyuka polepole na kwa uchache, kwa hiyo kipimo cha chumvi peke yake huudharau. Lakini tabaka hilo hushika maji kama sponji, na maji hayo ndiyo yanayoiyeyusha chumvi ya bahari iliyotua juu yake. Kuanzia sasa tunapima vitu viwili tofauti, yaani chumvi inayoyeyuka na mashapo yasiyoyeyuka, ambayo huchujwa, hukaushwa na kupimwa uzito.

Vilevile tumesimamisha mabomba manne ya kukusanya vumbi, kila moja likiwa na mwanya unaotazama upande wake wa dira. Yatasuuzwa kila mwezi.

Machi, kabla ya masika

Vipimo vya usiku vimeleta jambo lililostahili kungojewa. Watu wengi, mimi nikiwamo katika mazungumzo ya kawaida, huzungumzia mvua kana kwamba ndiyo adui wa vikombe (vihami vya kauri vinavyoshikilia nyaya) na aresta. Mvua kubwa huosha. Adui ni unyevu mdogo usiotosha kuosha: umande, ukungu, manyunyu, na hewa nzito ya usiku wa pwani. Chumvi ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa na kuyeyuka yenyewe mara unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na chumvi za magneziamu zilizomo katika maji ya bahari huanza kulowa mapema zaidi, kuanzia asilimia 33 hivi. Maana yake ni kwamba katika mwambao huu kauri yaweza kuwa imelowa usiku kucha bila tone la mvua wala umande kuonekana.

Ndivyo pete za shaba zilivyoonesha. Mkondo wa uso huanza kujitokeza baada ya saa nne usiku, hupanda kwa ngazi, na kilele chake huwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na muda mfupi baada ya jua kuchomoza, wakati hewa inapopata joto upesi kuliko kauri nzito, na unyevu wa hewa kugeuka maji juu ya kauri hiyo iliyobaki baridi. Kufikia saa tatu asubuhi umekwisha. Mkondo wa ndani ya safu, katika saa hizo hizo, haukupanda kwa kiwango hicho. Kwa aresta ya fezi ya njano jibu la kwanza limepatikana: mkondo ulioitia hatiani ulikuwa wa nje. Kwa nini yeye na si wenzake? Kwa sababu ndiyo iliyo karibu na uzio wa barabarani, na ukoko wa saruji juu yake ni mnene kuliko kwa nyingine.

Tumejifunza pia mipaka ya kipimo cha hamoniki ya tatu, yaani sehemu ya mkondo inayotetema mara tatu ya mzunguko wa gridi. Vipande vya oksidi ya zinki havifuati mstari mnyoofu kati ya msongo na mkondo, kwa hiyo sehemu yake ya ukinzani huzaa hamoniki ya tatu, ambayo kwa mzunguko wa hezi 50 ni hezi 150. Ukiipima hiyo, unapata alama ya afya ya ndani hata pasipo pete. Filamu ya maji ya chumvi iliyo sawia ni kinzani cha kawaida, na haichangii sana hamoniki hiyo. Lakini filamu haibaki sawia. Mkondo huipasha joto, nayo hukauka kwanza pale ulipobanana zaidi, yaani kwenye shingo nyembamba ya kauri; panapokauka hutokea ukanda mkavu unaobeba karibu msongo wote, na cheche ndogo za zambarau huanza kuurukia. Mkondo wa cheche si mnyoofu hata kidogo, na hamoniki zake huchanganyika na zile tunazozitafuta. Kuna pia hamoniki zilizomo katika msongo wa gridi wenyewe, ambazo hupita kwenye safu kama kapasita na kujifanya ni uchakavu. Hizo huondolewa kwa kihisio cha uga wa umeme kinachosimamishwa karibu na kitako cha aresta. Kwa cheche za alfajiri hakuna dawa ya namna hiyo. Tumeamua kwamba kipimo cha afya ya ndani kitafanyika tu baada ya saa tano asubuhi, kukiwa hakujanyesha, na saa, joto na unyevu viandikwe kando ya kila usomaji. Usomaji usio na hali ya hewa hautapokelewa.

Aprili

Masika yameanza. Mvua imeondoa karibu chumvi yote ya upande wa juu wa visahani, sehemu ya ile ya chini, na ukoko wa saruji haukuguswa.

Mei na Juni

Kipindi hiki kimetumiwa kuchunguza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mradi, na ambalo huachwa nje pale aresta inapochukuliwa kuwa ni kikombe kirefu tu. Kikombe kikilowa kina hatari moja kubwa: umeme kuruka juu ya uso wake. Aresta ina hatari hiyo, na ina nyingine mbili.

Ya kwanza inahusu vizio viwili na flanji ya katikati. Tuchukulie kizio cha juu kimelowa chumvi na cha chini ni kikavu, hali inayowezekana kabisa kwa sababu kizio cha juu kimesimama wazi kwenye upepo na cha chini kimekingwa na ukuta wa kuzuia moto wa transfoma. Mkondo wa uso hushuka juu ya kauri ya kizio cha juu mpaka kwenye flanji. Hapo njia ya nje inaishia, kwani kauri ya chini ni kavu, na flanji imeshikana na safu ya ndani. Mkondo huingia ndani na kushuka kupitia vipande vya oksidi ya zinki vya kizio cha chini. Kwa maneno mengine, uchafu wa nje ya kizio kimoja umegeuka kuwa mzigo wa ndani wa kizio kingine. Msongo nao huhama: kizio cha chini, ambacho kwa haki yake kingebeba kilovolti 38 hivi, husukumwa kuelekea msongo wake uliokadiriwa wa kilovolti 60 au zaidi, ambapo vipande huanza kupitisha umeme kwa nguvu.

Hesabu ya joto inaeleza uzito wa jambo hili. Katika hali ya kawaida, miliampea 0.1 ya ukinzani chini ya kilovolti 38 ni kama wati 4 kwa kizio kizima. Mkondo wa uso wa miliampea 10 ukiingia kwenye kizio kilichosukumwa hadi kilovolti 60, hesabu ya haraka inatoa wati 600. Na vipande vya oksidi ya zinki, katika eneo la mkondo mdogo, hupitisha zaidi kadiri vinavyopata joto. Vikipata joto kuliko kauri inavyoweza kulitoa nje, kila nyuzi inayoongezeka huita nyingine, hadi aresta inapasuka katika usiku usio na radi wala wingu. Kinachoiokoa aresta mara nyingi ni kwamba hali hiyo haidumu: ukanda mkavu huhama, kizio cha pili nacho hulowa, mkondo hukatika na kurudi, na uzito wa vipande vyenyewe humeza joto la dakika chache. Kwa sababu hiyo kinachofaa kupimwa ni jumla ya chaji iliyopita kwa saa nzima, wala si kilele cha mkondo cha mara moja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60099-4 nacho kinafuata mantiki hiyo kinapotathmini joto la aresta za kauri zenye vizio vingi katika uchafu.

Hatari ya pili haionekani wala haisikiki kwa mtu aliyesimama chini. Safu ya ndani hugawa msongo kwa usawa kutoka juu hadi chini, ilhali uso uliolowa hauugawi hivyo. Ukanda mkavu ukiubeba karibu wote, basi sehemu ya nje ya kauri huwa na msongo tofauti kabisa na kipande kilicho nyuma yake, upana wa mkono tu ndani. Tofauti hiyo hukaa juu ya kauri na gesi iliyomo kati ya kauri na safu. Ikizidi, cheche ndogo huzuka ndani ya gesi, hula oksijeni, huzaa gesi kali, na kwa muda mrefu hudhuru ngozi ya ubavuni mwa vipande. Aresta iliyodhurika kwa njia hii huweza kuoshwa ikang'aa na bado ikawa mgonjwa. Kwa hiyo swali letu la Januari, kama ni uchafu au ni ubovu, halikuwa limekaa sawasawa, kwa kuwa uchafu ulioachwa miaka mingi ni njia mojawapo ya kuufikia ubovu.

Kamera ya joto imetumika katika saa za alfajiri, ikilinganisha kizio na kizio na fezi na fezi. Tofauti za nyuzi chache tu kwenye kauri zina maana, kwa sababu vipande vya ndani huwa na joto zaidi ya uso unaopigwa picha. Katika msimu huu uliooshwa na mvua hakuna kizio kilichojitenga na wenzake. Picha zitarudiwa baada ya miezi mikavu.

Ikumbukwe pia kwamba upande wa laini ya zamani kituoni bado kuna aresta za kabidi ya silikoni zenye mapengo ya cheche. Kwa hizo uchafu huvuruga mgawanyo wa msongo katika mapengo, na zaweza kucheua cheche kwa msongo wa kawaida wa kazi. Vipimo vyetu vya hamoniki havizihusu, na ushauri wetu juu yake ni mfupi: ziondolewe.

Julai

Kikao cha kujadili hatua kimekuwa kirefu. Pendekezo la kuosha aresta zikiwa na umeme limekataliwa, nami niliunga mkono kukataliwa kwake. Kwa vikombe kazi hiyo hufanyika katika nchi nyingi na ina taratibu zake. Kwa aresta ya vizio viwili, bomba la maji hulowesha kizio kimoja kwanza, na kile kilichoelezwa Mei kama tukio la bahati mbaya hufanywa kwa makusudi. Ongezeko la hatari kwetu ni maji yenyewe, kwa kuwa kisima cha kituo kinatoa maji ya magadi, na maji hayo hayafai kugusa kauri hata laini ikiwa imezimwa.

Tumekubaliana aresta zioshwe zikiwa zimezimwa na kutiwa ardhi, kwa maji yenye upitishaji mdogo, mara moja kabla ya kaskazi kushika kasi na mara nyingine katikati ya miezi mikavu. Ukoko wa saruji ukwanguliwe kwa mkono, bila msasa wala brashi ya waya, maana kauri iliyochubuka hushika uchafu upesi zaidi.

Kupaka mpira wa silikoni juu ya kauri kumejadiliwa kwa urefu. Silikoni hukataa maji: tone husimama peke yake badala ya kutandaa kuwa filamu, na pasipo filamu hakuna njia ya mkondo. Sifa yake ya ajabu zaidi ni kwamba chembe nyepesi za silikoni hupanda polepole na kuuvika uchafu uliotua juu, hata uchafu nao ukakataa maji. Sifa hiyo hupungua uso ukilowa kwa muda mrefu, kisha hurudi ukikauka. Hata hivyo mpako hauondoi pengo la gesi lililomo ndani ya kauri, na ukoko wa saruji ukikua haraka kuliko silikoni inavyoweza kupanda, faida hupungua. Mpako umekubaliwa kwa aresta mbili za upande wa bahari, ambako uchafu ni chumvi tupu. Kwa ile ya fezi ya njano tumependekeza kubadilisha, ingawa ndani yake haijaonekana kasoro. Mahali iliposimama ndipo pabaya, na ikiwa salama inaweza kuhamishiwa kituo cha bara.

Agosti, kusi

Vigezo vya aresta mpya vimeandikwa. Gamba ni la mpira wa silikoni uliomiminwa moja kwa moja juu ya safu, pasipo pengo la gesi, na aresta iwe kizio kimoja kizima, ili pasiwepo flanji ya katikati ya kuingizia mkondo. Cheti kioneshe jaribio la kuzeeka la saa 1000 katika ukungu wa chumvi.

Kuhusu urefu wa njia ya uso, yaani umbali ambao mkondo hutambaa juu ya gamba kutoka juu hadi chini, mabomba ya vumbi na vipimo vya chumvi vinatuweka kati ya daraja zito la uchafu na zito sana. Kwa daraja zito kiwango cha IEC 60815 kinataka milimita 43.3 kwa kila kilovolti kati ya fezi na ardhi, na kwa zito sana milimita 53.7. Msongo wa juu kabisa wa mfumo ukiwa kilovolti 145, kati ya fezi na ardhi ni kilovolti 83.7, na urefu unaotakiwa ni milimita 3625 au 4495. Mjumbe mmoja alishauri tuchukue ule mdogo, kwa kuwa silikoni husamehe mengi. Hoja yake ina msingi, lakini majaribio ya miaka mingi katika kituo cha Koeberg, kwenye pwani ya Atlantiki karibu na Cape Town, yanatukumbusha kwamba chumvi ya bahari huila silikoni pale cheche zinapodumu mahali pamoja. Tumeandika milimita 4495.

Pete za shaba zinabaki mahali pake kwenye aresta mbili zitakazopakwa, na zitasomwa usiku kuanzia mwisho wa kusi hadi vuli. Mkondo wa uso ukiendelea kupanda alfajiri kama ulivyopanda Machi, mpako utahesabiwa kuwa haujafaa na aresta hizo nazo zitaingizwa katika ombi la ununuzi la mwaka ujao.